Ossobuco na risotto: badilisha utakacho, ila muda usiuguse

Najua nimepotea, mitihani ilinishika shati. Leo nimerudi, na nimerudi na hasira kidogo. Hasira ya jikoni.

Mnaonisoma toka mwanzo mnajua niko hapa Milano kwa masomo, mwaka wa pili sasa. Mnajua pia kwamba kila nikipiga simu Mbeya swali la kwanza ni "mnakula nini huko?" Nikijibu kwamba nakula wali, wanacheka. Kwao Italia ni pizza na tambi, basi, hadithi imekwisha. Haya, leo naandika kuhusu chakula cha hapahapa Milano ambacho hakina pizza wala tambi: ossobuco, yaani muundi wa ndama uliokatwa vipande vinene, ukapikwa polepole kwenye mchuzi mdogo, ukapakuliwa na risotto ya zafarani, ule wali wa njano wa watu wa mji huu. Naandika kwa sababu jikoni kwetu bwenini kumezuka ubishi juu ya chakula hiki, umeanza Jumamosi, leo Alhamisi haujaisha, na umeshahamia mpaka kwenye simu.

Ubishi una pande tatu. Kuna ndugu zangu wa Afrika Mashariki, wanaosema chakula hicho kimepooza, kitiwe pilipili, tangawizi, vidonge viwili vya supu, na mchele uoshwe kama mchele wa watu wastaarabu. Kuna kijana mmoja Mwitaliano, mzaliwa wa hapa, anayesema ukigusa chochote basi usikiite ossobuco. Na kuna dada wa Kiitaliano ambaye hali ndama kabisa na anasema chakula chenyewe ni ukatili. Wote nawapenda, tunakopeshana chumvi. Lakini nadhani wote watatu hawajalenga penyewe. Msimamo wangu nautaja mapema msije mkasema nawazungusha: kwenye ossobuco unaweza kubadilisha vitu vingi kwa sababu ya dini, ya mfuko au ya tumbo lako. Muda huwezi kuubadilisha. Ukiukata muda umepika kitu kingine, hata kama viungo vyote umenunua kwa risiti.

Tuanze na mfupa. Osso ni mfupa, buco ni tundu. Wamilano kwa lugha yao ya zamani wanasema oss bus, maana ni hiyohiyo, mfupa wenye tundu, na ndani ya tundu kuna uboho. Muuza nyama anaukata mguu kwa kukatiza, unene wa sentimita 3 au 4, mfupa unabaki katikati kama sarafu. Sasa muundi ni sehemu ambayo mnyama anaitumia siku nzima kusimama na kutembea, kwa hiyo umejaa nyuzi na ngozi ngumu. Ukiukaanga dakika 10 kama steki utatafuna mpaka taya liombe likizo. Lakini nyuzi hizohizo ukizipa moto mdogo, mfuniko, na saa moja na nusu au mbili, zinalegea na kugeuka kitu cha kunatanata kinachoufanya mchuzi uwe mzito bila kutiwa chochote. Wanasayansi wanasema kolajeni imekuwa jelatini. Sie tunasema midomo imegandana.

Na hapa ndipo ninapowashangaa ndugu zangu wa pilipili. Jamani, supu ya makongoro ina siri gani nyingine? Yule mzee wa supu pale stendi hakuwasha moto alfajiri saa kumi na moja. Sufuria ilikuwa motoni wakati nyinyi mmelala. Nyumbani tunaisifu, tunasema inaunga mifupa, inatoa uchovu. Tukifika ugenini tukakuta watu wamefanya jambo lilelile kwa muundi wa ndama, tunasema chakula cha wazungu hakina ladha. Hakina ladha au hujakipa nafasi? Kidonge cha supu kimebuniwa kwa ajili ya mtu ambaye hana saa mbili. Kama saa mbili unazo, kidonge cha nini? Kinakuja na chumvi yake na harufu yake, halafu ndama, siagi na zafarani vyote vinanuka kidonge.

Namna ninavyofanya mie ni hii. Nyama inakuwa imezungukwa na utando mwembamba pembeni. Naukata kwa mkasi sehemu tatu, manake usipoukata unajikunja motoni na kipande kinakuwa kama bakuli. Unga wa ngano kidogo sana, nakung'uta uliozidi. Siagi kwenye sufuria nzito, nyama inageuzwa rangi pande zote mbili bila haraka, halafu naitoa. Kitunguu maji kinalainika humohumo, wengine wanaongeza karoti na seleri, mie naongeza zikiwepo. Nyama inarudi, divai nyeupe glasi moja, ikikauka natia supu ya mifupa mpaka nusu ya kipande, nafunika, nashusha moto mpaka mchuzi unacheka tu, hauchemki. Vipande vikae kimoja kimoja chini ya sufuria, visipandane, na ukivigeuza vigeuze kwa upole, uboho ukidondoka umepoteza nusu ya ulichonunua.

Nimesema divai. Hapo likazuka la pili. Mwenzetu mmoja wa Unguja hatumii pombe, na nyama anataka ya halali. La nyama ni jepesi, ukienda via Padova mabucha ya halali yapo na muundi wanakukatia unene unaotaka. La divai ndilo lililomchoma yule kijana wa Kimilano. "Bila divai siyo chenyewe," anasema. Mwingine akaingilia kati kwamba aa, pombe inapotelea motoni, dada wewe kula tu. Mie nasema hapana kwa wote wawili. Kwanza pombe haiishi yote kwa kupikwa, inabaki kiasi. Na hata ingeisha, mtu akishakwambia imani yake usimfanyie hesabu ya mvuke. Pili, tuulize divai inafanya kazi gani mle ndani. Inaleta ukali kidogo wa kukata mafuta, na inabandua ile rangi nzuri ya nyama iliyoganda chini ya sufuria. Kazi hiyo supu ya moto na maji ya nusu limau vinaifanya. Ladha inakuwa tofauti kidogo? Ndiyo, inakuwa tofauti. Nyama inalainika vilevile? Vilevile kabisa, kwa sababu inalainishwa na saa mbili. Basi dada wa watu ale.

Halafu hawa wanaotetea ossobuco "yenyewe", nawauliza siku zote, yenyewe ipi? Pellegrino Artusi, yule aliyetoa kile kitabu maarufu cha mapishi ya Kiitaliano mwaka 1891, aliiandika sahani hii na akakiri kwamba afadhali waachiwe Wamilano. Lakini hapohapo akatia nyanya. Leo hapa mjini ukitaja nyanya kwenye ossobuco kuna watu wanaweka uma chini, wanasema ya kweli ni nyeupe. Wengine wa hapahapa wanaitia na hawana wasiwasi. Mwaka 2007 manispaa ya Milano iliiweka ossobuco na risotto ya njano kwenye orodha ya vyakula vyake rasmi vya mji, na nyanya bado zinagombaniwa. Mie niko na weupe, lakini sababu yangu siyo mila. Nyanya ina sauti kubwa. Ukiitia, zafarani husikii tena, na zafarani ndiyo umeilipia.

Haya, tuje kwenye mchele, maana hapo ndipo nilipotaka kufika.

Mimi ni mtoto wa Mbeya. Nimelelewa na mchele wa Kyela, ule ambao jirani akipika unajua. Kwetu mchele unachambuliwa, unaoshwa maji mawili matatu mpaka yawe meupe, na wali mzuri ni ule ambao punje hazijuani. Ukigandana bibi anakutazama tu, hasemi kitu, lakini unaelewa. Kwa hiyo nawaelewa kabisa ndugu zangu waliponiona namimina mchele mkavu kwenye siagi bila kuuosha. Kaka mmoja wa Kisumu alitaka kuninyang'anya sufuria.

"Dada, si uoshe kwanza!"

"Huu hauoshwi, kaka."

"Una vumbi huo."

"Hilo vumbi ndilo tunalolitaka."

Na ni kweli. Risotto haitumii mchele wowote. Inatumia mchele wa punje fupi nene, Arborio, Vialone Nano, au Carnaroli ambao ulizalishwa mwaka 1945 huko Paullo, karibu kabisa na Milano. Punje hizi zinaachia wanga nje huku moyo wa punje unabaki mgumu kidogo. Ule wanga ndio mchuzi wenyewe. Hakuna krimu kwenye risotto, watu wanaotia krimu wanaficha kitu. Ukiuosha mchele unaanza kuumwaga wanga huo kwenye sinki kabla hujaanza. Na ukichukua mchele wetu wa Kyela ukaupika hivi utauonea bure, umeumbwa kwa kazi nyingine. Hapa sisemi mmoja ni bora. Nasema hatupimi samaki kwa kumwambia apande mti.

Unaukaanga mkavu kwenye siagi na kitunguu (na uboho kidogo wa ng'ombe ukiupata, ndiyo mila yenyewe ya hapa) mpaka punje ziwe za moto ukizigusa. Divai tena, au hapana. Halafu supu ya moto, kijiko kikubwa kimoja baada ya kingine, unakoroga. Dakika 16 mpaka 18. Siyo dakika 30. Zafarani nailoweka pembeni kwenye supu kidogo na kuitia mwishoni mwishoni. Moto ukizimwa unatia siagi ya baridi na jibini ya Grana Padano iliyokunwa, unakoroga kwa nguvu, unafunika dakika moja. Ukiinamisha sahani inatakiwa itembee polepole kama wimbi, na wenyewe wanaita hivyo, all'onda, ya wimbi.

"Huo sasa umekuwa uji," akasema kaka wa Kisumu.

Yule dada wa Unguja ndiye aliyemjibu, akamwambia kama hujui bokoboko nyamaza. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kumbe pwani wana ngano na nyama iliyopondwa mpaka ikawa kitu kimoja, na hakuna anayeiita uji mbele ya Mwarabu wa Malindi. Na zafarani pia yeye ndiye aliyeitambua kwa harufu kabla sijafungua kikaratasi, ya biriani za harusi.

Kuhusu zafarani Wamilano wana hadithi. Wanasema mwaka 1574, wakati kanisa kuu la Duomo linatengenezwa vioo vya madirisha, fundi mmoja mtu wa Flanders alikuwa na kijana wa kumsaidia ambaye kila rangi aliitia zafarani kidogo. Mabwana wenzake wakamtania kwamba ipo siku ataitia hata kwenye wali. Siku ya harusi ya binti wa fundi, wali ukatoka jikoni wa dhahabu. Ni hadithi tu, siwaletei kama historia, lakini napenda kwamba mji mzima umeamua chakula chake kikuu kilianza kwa utani wa kibarua. Gramu moja ya zafarani inahitaji maua kama 150, na kila ua lina nyuzi tatu tu za kuchuma kwa mkono. Ndiyo maana inauzwa kwa kikaratasi cha sehemu ya kumi ya gramu. Kikaratasi kimoja kinatosha watu wanne, kwa hiyo wanafunzi wanne tukichangishana hakuna anayeumia.

Sasa ndama. Hili siwezi kuliruka, manake yule dada asiyekula ndama hakuja kutania. Alikaa nasi mezani, akala saladi, na akasema kwa upole kwamba mnyama huyo hakuishi hata mwaka mmoja. Ni kweli. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya toka 2008, nyama inayouzwa hapa kama vitello ni ya mnyama asiyezidi miezi 8. Na mie mwenyewe, nikiwa mkweli, kwetu ndama hachinjwi hivihivi. Ndama ni akiba, ni ada ya shule ya mwakani. Bibi akisikia nimekula ndama atauliza alikufa kwa ugonjwa gani.

Lakini nilimuuliza dada, na hapa pia nawauliza: siagi unakula? Jibini unakula? Anakula, tena Grana ndiyo anayoipenda kuliko zote. Haya. Bonde hili la mto Po ni nchi ya ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe hatoi maziwa bila kuzaa. Nusu ya wanaozaliwa ni madume, na dume wa ng'ombe wa maziwa hatakamuliwa kamwe. Unadhani anakwenda wapi? Ndiye huyu kwenye sufuria. Zaidi ya hapo, maziwa ya Grana Padano yanagandishwa kwa dawa inayotoka kwenye tumbo la ndama, ndiyo kanuni ya jibini hiyo. Kwa hiyo mtu anayekula jibini hiyo na kumkataa ndama amemkubali ndama, ila hataki kumwona sahanini. Asiyekula vyote viwili, huyo namwinamia, ana hoja iliyonyooka na sina la kumjibu. Anayekula kimoja na kunipa hotuba juu ya kingine, tukae tuongee.

Dada alinyamaza kidogo, halafu akasema tatizo lake kubwa siyo kifo, ni maisha yenyewe, namna ndama wanavyofugwa. Hapo tulikubaliana. Toka 2007 Umoja wa Ulaya umekataza kumfungia ndama peke yake kwenye kizimba akishapita wiki 8, ambayo ni hatua, lakini hatua siyo mwisho wa safari. Na ndiyo sababu mojawapo mie sili ossobuco kila wiki. Sababu nyingine ni euro 20 ya vipande vinne. Zamani muundi ulikuwa nyama ya mtu wa kawaida, siku hizi umepanda cheo.

Mkiitazama hiyo sahani sasa mtaona kwa nini sipendi kuichukulia kama mapambo ya hoteli. Mpunga ni wa bonde hilohilo. Panda treni ya kwenda Pavia mwezi wa tano, utaona mashamba yamejaa maji kama kioo, na maji hayo yanaletwa na mifereji ya karne na karne. Ng'ombe ni wa bonde hilohilo, siagi yake, jibini yake, na dume lake. Mwaka 2022 ukame ulipoukausha mto Po, mashamba ya mpunga upande wa Lomellina yaliungua, wakulima wakahesabu hasara. Mtoto wa Mbeya anaelewa habari hiyo bila mkalimani.

Nimesahau kitu cha mwisho cha kutia, gremolada. Pasli, ambayo ni ndugu wa giligilani, ganda la njano tu la limau (lile jeupe ni chungu, liache), na kitunguu saumu kidogo, vyote vikatwe vidogo sana. Unanyunyiza dakika chache kabla ya kupakua. Wale wa pilipili nawaambia hapa ndipo penye ukali wenu, onjeni kwanza. Kaka wa Kisumu alionja, hakusema kitu, akaongeza sahani. Mie nimeandika tarehe.

Na uboho unaliwa na kijiko chembamba kirefu ambacho Wamilano wanakiita esattore, mkusanya kodi, kwa sababu hakiachi kitu ndani. Sie hatuna hicho kijiko, tulitumia mpini wa kijiko cha chai. Yule kijana wa "usiguse chochote" ndiye wa kwanza kupiga mfupa kwenye sahani kama tunavyofanya nyumbani. Kuhusu divai ya limau hajanisamehe bado.

Risotto iliyobaki msiipashe kwenye maikrowevu, itakuwa saruji. Wenyewe wanaibamiza iwe bapa, wanaikaanga kwenye siagi mpaka iwe na ukoko pande zote mbili, wanaita riso al salto. Ukoko, jamani! Mtoto gani wa kwetu hajagombania ukoko? Yangu niliiweka kwenye friji, rafu ya juu, imefunikwa na jina langu juu yake, na sasa hivi naandika huku nasikia mlango wa friji unafunguliwa. Ngoja niende. Wikiendi njema wote.